Wifi Somoe, Mwamba Wako Tumeuona

Wifi yangu Somoe,

Adabu inataka nianze na salamu na dua. Dua nimekuombea alfajiri kama kila siku. Salamu zisubiri kidogo, kwa sababu nina ugomvi nawe. Miguu yangu imevimba, shingo yangu imejaa mabaka ya mbung'o, na mgongo sitaki hata kuuzungumzia. Yote haya ni kwa ajili ya lile jiwe lako.

Najua ungenisahihisha. "Si jiwe, wifi, ni mwamba." Haya, mwamba.

Unajua mimi na mawe. Nimezaliwa hapa Mkomaindo. Mtu wa Masasi humwambii twende tukaone miamba akakuelewa. Sisi ukitoka chooni unakutana na mlima wa jiwe, ukianika nguo jiwe linakutazama, ukifungua genge asubuhi liko palepale limekaa kama mdai. Lakini wewe, mtoto wa Newala uliyekulia kwenye mchanga mwekundu na ukungu, ulituambia kwamba haya ya kwetu si kitu, mwamba wa maana ni mmoja tu, na uko huko chini porini kuelekea Ruvuma, kwa akina bibi yako mzaa mama, kabla watu hawajahamishwa pakawa hifadhi ya wanyama.

Hadithi ile nilikwisha kuijua kwa moyo. Tembo mkubwa kama ukuta wa msikiti, amechorwa kwa udongo mwekundu na watu waliokuwapo kabla ya mababu zetu sote. Pembeni yake wanawake wanacheza ngoma, na shanga za viunoni mwao unazihesabu. Na wewe, mtoto mdogo, umeweka kiganja chako kwenye mguu wa tembo huyo, ukausikia una joto. Uliisimulia kwenye kila Idi, kila msiba, kila tulipokaa kutwanga kisamvu. Mimi nilikuwa nakukatiza, wewe unaanza upya.

Halafu ukaugua, na figo zako zikakataa. Siku ile wodini ukanishika mkono ukasema, "Wifi, Baba Hawa hawezi kupanga safari, unamjua. Mpeleke wewe. Mchukue na Hawa. Mkaweke unga kidogo, mseme nimewasalimu."

Nikakwambia mimi ni Mwislamu, sitambikii mawe.

Ukasema, "Unga si ibada. Ni hodi. Wale ndio wenye mahali, sisi tuliwakuta. Mtu hupiti kwenye nyumba ya watu bila kupiga hodi."

Mtu yuko kitandani, pumzi zinamwisha, bado anabishana. Nikakubali ili unyamaze upumzike. Ukanyamaza kweli. Hilo bado sijakusamehe.

Sasa nikueleze ulivyotuacha, maana hukuaga vizuri. Tulikuzika Lupaso, kwenye shamba la mumeo Hemedi, kama ulivyomwomba mwenyewe. Mama yako alitaka ulale Newala kwa ndugu zako. Alikuwa na haki yake. Kwenu na kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, nani asiyelijua hilo. Lakini Hemedi alikuwa na neno lako, na mdogo wangu ukimpa neno hulipati tena. Mimi nikawa katikati, naongea na huku, naongea na kule, na pande zote mbili zikanichukia. Mama yako aliondoka siku ileile ya mazishi bila kunywa hata maji. Mlangoni akasema, "Mmemzika msiojua alikotoka." Tangu hapo tukipiga simu anapokea mtu mwingine anasema bibi amelala. Asubuhi amelala. Adhuhuri amelala. Sijaona mzee anayelala vile.

Na Hemedi. Wifi, Hemedi alikuwa anataka kuniua kwa ukimya. Ulipofika wakati wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa hakupulizia. Nilikwenda Lupaso nikakuta maua yameshikwa na ugonjwa wa ubwiriunga, meupe kama yamemwagiwa unga, na mwenyewe amekaa kwenye kigoda chako cha jikoni anatazama jiko lisilo na moto. Nikamgombeza. Zamani ukimgombeza alikuwa anakujibu, tena majibu ya kukera. Sasa anasema, "Ndiyo, dada." Nikamwambia ale, "Ndiyo, dada." Nikamwambia mikorosho inakufa, "Ndiyo, dada." Mtu anayekubali kila kitu ni mtu aliyekwisha ondoka. Nikarudi Masasi nikiwa na hofu, na mimi nikiwa na hofu ninakuwa na hasira, unanijua.

Ndipo nikasema basi, twende huko kwenye mwamba. Hawa akaomba ruhusa pale anapofundisha, Lukuledi, tukakodi gari, tukaondoka kiangazi kikiwa kimekolea.

Dereva alituambia njia ile amezaliwa nayo. Tulipotoka kwenye lami akawa anasimama kila kijiji kuulizia. Tukazama kwenye mchanga. Tukashuka, tukasukuma, mimi na umri wangu nasukuma gari kama kibarua wa barabara, na mumeo anasukuma upande wa pili bila neno. Tukatoka. Tukazama tena. Dereva akasema mchanga huu haukuwapo. Nikamuuliza kama umehamia jana. Hemedi wa zamani angecheka.

Langoni akatupokea askari wa wanyamapori, mtu wa Iringa, anaitwa Festo. Alitusalimu vizuri, shikamooni, akatupa maji. Halafu akanitazama baibui langu.

"Mama, hilo vazi jeusi litakuletea shida huko ndani. Mbung'o wanapenda nguo nyeusi."

Nikamwambia, "Mwanangu, hili ni vazi la heshima, na isitoshe nimefiwa."

"Pole sana, mama," akasema. "Ila mbung'o hawajui hilo."

Hawakujua kweli. Hawa na gauni lake la rangi ya udongo hakuumwa. Hemedi hakuumwa. Mimi wote walinijia mimi, wanapenya kwenye kitambaa kama sindano, na hata ukiwapiga hawafi. Kwa nini hukuwahi kuniambia habari za mbung'o? Ulieleza shanga za wanawake waliochorwa, rangi zake na mafungu yake. Mbung'o ukawasahau.

Tukaacha gari tukatembea. Unakumbuka nilivyo na magoti haya. Njia ni ya mawe madogo yanayoteleza, nyasi kavu zinakata miguu, jua limesimama kichwani. Festo alikuwa anatusubiri kila baada ya hatua chache, na ili nisione aibu akawa anaeleza. Akatuonyesha mwamba wenyewe ukitokeza juu ya miti, mweusi, mpana, peke yake. Akasema zamani mno ulikuwa chini kabisa ya ardhi. Juu yake palikuwa na udongo na mawe mengine laini, mvua na upepo vikavila kidogo kidogo kwa muda usiohesabika, mpaka mwamba ukabaki umesimama hivyo.

Hemedi akasimama. Hakuwa amesema neno tangu langoni.

"Kwa hiyo haukupanda," akasema. "Ni nchi iliyoshuka, wenyewe ukabaki."

"Ndivyo, mzee."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kutembea. Lakini nilimwona baadaye anautazama tena na tena, kama mtu aliyeambiwa habari ya ndugu yake.

Tukafika. Upande wa chini mwamba umeinama ukafanya kivuli kama baraza, na huko ndani kuna ubaridi mzuri, hilo nakupa haki yako. Festo akanyoosha fimbo yake.

"Michoro ni ile pale."

Nikatazama. Sikuona kitu. Nikasogea. Nikavua miwani nikaifuta kwa ushungi nikaivaa tena. Hawa ndiye aliyeanza kuona, akanionyesha kwa kidole bila kugusa. Mistari myekundu iliyofifia, kama mtoto aliyejifuta mchuzi ukutani. Vidoa. Duara lenye miali, labda ni jua, labda si jua. Na mnyama mmoja, kama kweli ni mnyama, mkubwa kama kiganja changu.

Nikauliza, "Tembo yuko wapi?"

"Tembo gani, mama?"

"Tembo. Mkubwa kama ukuta wa msikiti. Na wanawake wanacheza ngoma."

Yule bwana akafikiri kwa heshima kabisa. "Huyu mdogo tunadhani ni pofu, yule swala mkubwa. Tembo hapa hatuna. Kwenye mwamba, namaanisha. Porini wapo."

Wifi, nilihisi damu inanipanda. Nimesukuma gari. Nimeliwa na mbung'o. Nimeburuta magoti yangu mpaka huko, kwa ajili ya madoa ya mchuzi. Nikageuka kumtafuta Hemedi ili nikasirike na mtu, nikamwona ameegemea jiwe ametupa mgongo, mabega yanatikisika. Nikasema sasa nimemmaliza, mtu wa watu.

Alikuwa anacheka.

"Dada," akasema, na pumzi hazimtoshi, "unamkumbuka yule chatu?"

Chatu uliyesema amelala njiani kutoka mwanzo wa shamba la jirani hadi mwisho, ukarudi nyumbani bila kuni. Hemedi alipokwenda na panga akamkuta, mwembamba kama mshipi wake wa suruali. Na ule mng'oko, kiazi cha porini, uliouchimba wewe ukasema ulikuwa na mapaja kama mtu, mpaka ukaona haya kuumenya. Tulisimama pale mbele ya mgeni tukikutaja, huyu analeta hili, yule analeta lile, na mumeo akacheka mpaka akakaa chini. Kisha kilio kikaja nyuma ya kile kicheko. Siku ya mazishi hakutoa chozi. Pale alilia kama mtoto, na mimi nikakaa chini kando yake na baibui langu, na Festo akaenda kutazama miti.

Hawa peke yake hakucheka wala hakulia. Alikuwa bado anatazama ukuta. Akaniuliza polepole, "Shangazi, kama tembo hakuwapo, kijiji kilikuwapo?"

Jibu la hilo? Wewe ndiye uliyekuwa nalo, na umeondoka nalo.

Hawa akafungua pindo la kanga akatoa unga. Festo akarudi mbio. Akasema samahani, hairuhusiwi kuweka chochote mwambani, unga unaita wadudu na wadudu wanaharibu rangi. Nikaanza kumjibu, na nilikuwa na mengi, lakini Hawa akanitangulia.

"Hapa palikuwa na kijiji cha akina bibi yangu. Mama yangu ndiye aliyetutuma."

"Nilivyofundishwa mimi, dada, hapa hapakuwa na watu. Tangu hao wachoraji."

Hemedi akainuka, akajifuta uso. Hakupandisha sauti. "Mke wangu hakuwa mtu?"

Yule bwana akautazama unga wa Hawa. Akavua kofia yake, akaishika mbele. Mwishowe akasema, "Ule mti wa mtondoro pale uko nje ya mwamba. Mimi nitasimama huku, na nikisimama huku siuoni." Akatupa mgongo.

Tukaenda chini ya mtondoro. Hawa akamimina unga kidogo kidogo ukafanya kilima. Hakujua maneno, nani amfundishe? Akasema tu, "Hodi. Mama anawasalimu." Baba yake akasimama nyuma yake na mikono yake iliyolegea. Mimi nikasoma bismillahi moyoni nijilinde, halafu nikajisikia nasema kwa sauti, "Somoe hajambo." Sijui kwa nini. Ndilo jibu linalotoka mtu anapoulizwa habari za wa nyumbani.

Njia ya kurudi Hemedi aligombana na dereva habari ya mchanga. Nikafunga macho nikasikiliza. Sijapata kusikia ugomvi mtamu kama ule.

Lakini Hawa alikuwa kimya, na siku zilizofuata ukimya wake ukazidi. Nikaona nimemtibu baba nikamwambukiza mtoto. Nilijua anachowaza: kama mama alitunga tembo, labda ametunga na bibi yake, na kijiji, na asili yetu yote. Wa kumjibu alikuwa mmoja tu, mama yako, na huyo alikuwa amelala tangu mazishi. Nikafunga genge, nikawachukua wote wawili, tukapanda Newala bila kupiga simu.

Ulikuwa na ukungu, baridi ya kwenu ile isiyo na adabu. Tukamkuta mama yako uani anapepeta kunde. Nikapiga magoti, na unajua kupiga magoti kwangu ni kazi. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Basi. Ungo unapanda, ungo unashuka. Hemedi akakaa mbali karibu na ua, macho chini, kama inavyompasa mkwe. Nikaanza kuzungumza habari ya mvua, ya barabara, ya bei ya nyanya. Ungo unapanda, ungo unashuka. Nikasema moyoni, huyu ndiye aliyemzaa yule.

Hawa akanikatiza. "Bibi, mwamba tumeuona."

Ungo ukasimama.

"Nani kawapeleka?"

"Mama alituagiza kabla hajafa."

"Mmeweka unga?"

"Tumeweka chini ya mti. Mwambani walitukataza."

"Chini ya mti ndipo penyewe," akasema. "Mwambani nani kawaambia? Rangi ile haiguswi."

Wifi, nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Siku nzima nagombana moyoni na yule bwana wa Iringa, kumbe yeye na mama yako ni kitu kimoja.

Hawa akauliza habari ya tembo. Mama yako akamtazama kama amechanganyikiwa. "Tembo gani? Hakuna tembo. Tembo kaweka mama yako." Akaweka ungo chini. "Somoe hajauona ule mwamba kwa macho yake. Nilimbeba mgongoni, kwenda na kurudi amelala. Tulikuwa tumeambiwa tufungashe, tunahamishwa. Nikaenda na mama yangu kuwaaga wenye mahali, tukaweka unga, tukarudi, tukaondoka."

Akaokota kunde zilizomwagika, moja moja.

"Alipokua akawa ananiuliza kila jioni, mwamba ulikuwaje. Mimi nilikuwa sitaki kuutaja, unanichoma. Nikamwambia ni michoro midogo tu, hakuna cha maana. Akalia sana. Kesho yake nikamsikia anawaambia wenzake kuna tembo." Akajifuta macho kwa kanga. "Sikumkanya."

Basi ndiyo hivyo. Miaka yote ile ulitusimulia jambo ulilolipita usingizini, na kiganja chako, na joto la mguu wa tembo, vyote umetia mwenyewe kwa sababu mama yako hakuweza. Nimekukasirikia tangu Newala mpaka Masasi, kila kona ya ule mteremko. Nilipofika nyumbani hasira ikawa imeisha, nikaketi nikakulilia vibaya.

Hawa amepona. Alimwomba bibi yake amtajie majina ya watu wa kile kijiji, nyumba kwa nyumba, na mama yako akayataja mpaka kunde zikasahauliwa. Kisha akageuka upande wa ua, akasema bila kumtazama, "Baba Hawa, umekula?"

Hemedi akasema, "Bado, mama."

Akainuka akasonga ugali mwenyewe, wa muhogo, na akamtengea kwanza. Alikula wote. Sasa yuko shambani anapalilia chini ya mikorosho, korosho zitakuwa chache mwaka huu lakini zitakuwapo, na jana aliniambia nimezidi maneno. Nimemshukuru Mungu.

Ila kuna jambo nililokuandikia hasa. Mama yako anashuka. Anataka kufika Lupaso kukaa nawe kaburini, halafu anataka kupelekwa kwenye mwamba, kwa barabara ileile, kwa mchanga uleule, maana anasema hodi ya Hawa ilikuwa fupi mno. Na kabla ya yote hayo atafikia kwangu. Kwangu, wifi, si kwa Hemedi. Amekwisha toa masharti kwa simu, siku hizi halali tena. Kitanda kisilie. Chai isiwe na tangawizi. Samaki wa gengeni kwangu hawaamini. Na amesema Masasi kuna joto na watu wake wanaongea sana, kwa hiyo nijiandae kumwacha apumzike.

Pumzika basi na wewe, Somoe. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako, akuepushie kiu na giza. Hawa anakusalimu, Baba Hawa anakusalimu, na mimi nakusalimu, nimefika kwenye salamu hatimaye. Ahadi yangu ni hii: nitamhudumia mama yako, nitampeleka anakotaka, na atakaponisema nitamnyamazia. Wewe sikuwahi kukunyamazia hata siku moja, na wala sijuti.

Wifi yako,
Zuhura